Shangazi Alivyotafsiri Mabomba

"Yakishafika chini korongoni," bibi aliniuliza, "nani atayaambia yapande?"

Nilikuwa na shahada ya sosholojia, imelala ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na nilikuwa na tabia ambayo ukoo mzima uliilalamikia, ya kuhoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya Jumapili mpaka kiasi cha chumvi kwenye mtori. Lakini fizikia niliiacha kidato cha pili, tukaagana bila machozi, na sasa bibi alikuwa ananikazia macho kama mtu aliyeniombea sana nifike chuo kikuu na sasa anataka kuona nilikwenda kufanya nini huko.

Tulikuwa saluni kwa shangazi, binti yake bibi, Jumamosi alasiri. Saluni hiyo ni chumba kimoja pale Old Moshi, chini kidogo ya kanisa, na Jumamosi hujaa kwa sababu hakuna mwanamke wa Kilutheri atakayekubali kwenda ibadani na nywele za juma lililopita. Shangazi alikuwa na televisheni ukutani, na kila Jumamosi saa hiyo alifungulia kitu kimoja tu: kipindi cha historia ya teknolojia na uhandisi. Kipindi hicho kimedumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Kilikuwepo kabla sijaanza shule na bado kinaendelea, msimu unaisha mwingine unaanza, na siku zote yule mtangazaji mwenye sauti nzito anaeleza jinsi daraja fulani lilivyoanguka, au lifti ilianzia wapi, au kwa nini watu walichelewa hivyo kugundua choo cha kuflashi.

Anaeleza kwa Kiingereza. Ndipo shangazi anapoingia.

Mnawajua wale watafsiri wa filamu za mabandani, wanaozima sauti ya mwigizaji na kuweka yao? Shangazi alikuwa wa shule hiyo. Alipunguza sauti mpaka ikabaki ya kusikiwa na yeye peke yake, akavuta kigoda, akaweka sikio karibu kabisa na spika, na huku mikono ikiendelea kusuka kichwa kilichokuwa mbele yake, akatuhadithia. Mteja aliyekuwa zamu yake ilibidi naye akae pale pale chini ya televisheni, shingo imepinda, hawezi kuona kitu. Hakuna aliyelalamika. Waliokuwa na haraka walikuja Ijumaa.

"Mnamwona huyu kijana? Mama yake amemwambia aangalie birika. Yeye badala ya kuangalia chai isimwagike, anaangalia kifuniko kinavyorukaruka. Chai yote imemwagika. Kapigwa! Basi hapo hapo, kwa uchungu, akatengeneza treni."

"Shangazi," nilisema, "wamesema alipigwa?"

"Kwenu ukimwaga chai hupigwi?"

"Naulizia walichosema wao."

"Jamani, nani anamjua mwanamume wa huyu msomi? Hana? Mnaona kwa nini?"

Saluni ikacheka mpaka draya zikasogezwa. Ndivyo ilivyokuwa kila juma. Mhandisi wa lifti, yule aliyesimama juu ya ubao halafu kamba ikakatwa mbele ya umati kuonyesha kwamba haanguki, shangazi alisema lazima damu yake ina Umachame ndani, maana anahatarisha roho ili auze. Wanawake wa Machame walioolewa kwetu wakamzomea, naye akawaambia wasimlaumu yeye, wamlaumu mtangazaji. Ningeweza kwenda kukaa karibu na ile spika nikasikia mwenyewe kilichosemwa. Sikwenda. Nadhani nilipenda kubishana kuliko kujua, na pia hapo karibu na spika ndipo dawa ya nywele ilipokuwa inanuka zaidi.

Juma lile bibi alikuwepo, jambo la nadra, kwa sababu bibi hufunga kitambaa na hana shida na saluni ya mtu. Alikuja kumkimbia mwanawe. Baba mkubwa, kaka yake shangazi, alikuwa amefika toka Shirimatunda na pikapu yake, na alikuwa ameketi kibarazani kwa bibi akisubiri kumwambia kwa mara nyingine kwamba anamhamisha.

Sababu ilikuwa mfongo. Huku kwetu mfongo ni mtaro wa maji ambao wazee wa wazee wetu waliuchimba toka mtoni juu kabisa, ukaufuata mlima kwa kujikunja, ukagawa maji kihamba kwa kihamba, kila shamba la ukoo na zamu yake. Wa kwetu ulipofika kwenye korongo ulivuka kwa gogo. Walichonga mti mkubwa, wakautoboa mgongo kama hori, wakaulaza toka ukingo mpaka ukingo, maji yakapita juu kwa juu. Kihamba cha bibi kiko ng'ambo. Mvua za masika ziliteremka mwaka ule kwa hasira, zikapanua korongo, zikaondoka na gogo. Hakuna mti uliobaki wa kufika ng'ambo mpya, na hata ungekuwepo, siku hizi huruhusiwi kuukata.

Basi bibi alikuwa anachota maji kwenye bomba la jirani, ndoo kichwani, kupanda na kushuka, kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja, migomba, na mboga. Baba mkubwa alimkuta siku moja ameketi katikati ya njia, ndoo pembeni, anapumua. Toka hapo hakutaka kusikia kitu.

"Mama, kwangu bomba liko mlangoni."

"Na baba yenu nimwache na nani?" Babu amezikwa kihambani, chini ya migomba, kama wote wetu.

"Baba hahitaji maji."

"Ng'ombe anahitaji."

"Ng'ombe tutamuuza, Mama."

Hapo ndipo bibi alipovaa viatu akashuka saluni. Alikuta nafasi kwenye benchi ubavuni mwa shangazi, akaitikia shikamoo zetu, akaweka mikono mapajani. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Aliangalia televisheni kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yake.

Kipindi cha siku hiyo kilikuwa cha maji. Nilichokiona mimi ni picha tu: mji wa kale juu ya kilima, bonde refu mbele yake, matao ya mawe, halafu mchoro wa bomba linaloshuka kama utumbo mpaka chini na kupanda upande wa pili. Mtu mwenye kofia ya plastiki alikuwa ananyoosha kidole, anakunja uso, anatikisa kichwa. Shangazi alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Vidole vilisimama kwenye rasta. Kisha akasema, taratibu, bila mzaha:

"Walikuwa na bonde kama korongo letu. Hawakuwa na gogo la kufika. Wakalaza mabomba, yakashuka mpaka chini, yakapanda ng'ambo. Maji yakapita. Mji wote ukanywa."

Ndipo bibi akageuka na kuuliza lile swali lake, na aliyeulizwa, kwa sababu ya ile bahasha ya kaki, nilikuwa mimi.

"Yanajipandisha yenyewe, Mama," shangazi aliniokoa. "Ya nyuma yanasukuma ya mbele. Kama tunavyosukumana kwenda mezani kwa Bwana."

"Shangazi huyu huyu," nikasema, "ndiye aliyesema treni imetokana na kiboko."

"Kwa hiyo nadanganya?"

"Nataka kuona."

"Ona, basi. Mpira ule pale."

Nadhani alisema ili ninyamaze. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani miezi bila kazi, nikiwabishia watu, na hapa kulikuwa na jambo ambalo lingeweza kubishiwa kwa mikono. Nilichomoa mpira wa kuoshea nywele kwenye bomba. Nikaweka ndoo iliyojaa juu ya meza ya vioo, nikazamisha ncha moja, nikavuta kwa mdomo mpaka maji yakaja, yana ladha ya shampuu, nikauacha mpira ulale sakafuni, nikaiinua ncha ya pili juu ya stuli. Maji yalishuka. Yakapita sakafuni. Yakapanda stuli kana kwamba yana miadi, yakammwagikia mama mmoja aliyekuwa na rola kichwani, na yule mama akapiga ukelele ambao nina hakika ulisikika Kahe.

Niliinua zaidi. Yakaendelea. Nikapanda kwenye kiti, nikainua zaidi, na ncha ilipofika usawa wa maji ya ndooni yakasimama. Nikashusha kidogo, yakatoka. Nikainua, yakasimama. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, nimelowa, nimesimama juu ya kiti cha mteja na viatu, na kila mtu sasa alitaka kushika mpira. Bibi naye akaushika. Akauinua, maji yakasimama; akaushusha, yakatoka. Akarudia mpaka ndoo ikaisha.

"Kumbe hayapandi zaidi ya yalikotoka," alisema.

"Sasa ng'ambo yako iko chini au juu ya huku?" nikauliza, na kabla sijamaliza nikaanza kucheka tena. Gogo lilivusha maji miaka yote ile, na maji hayapandi gogo. Ng'ambo ilikuwa chini. Ilikuwa chini toka babu yake babu alipoilima.

Tulipanda nyumbani, watatu, shangazi akiwa ameacha wateja na vichwa nusu. Baba mkubwa alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipoambiwa kwamba habari imetoka kwenye tafsiri ya dada yake, alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Wewe? Wewe uliyetuambia mnara ule wa Ulaya ulijengwa na mkwe aliyekataliwa?"

"Kaka, hilo ni lingine."

"Sawa. Nina rola la mabomba meusi nyumbani, nilitaka kujengea banda. Nitayaleta mwenyewe, mje mlaze. Yasipopita, Mama, unapanda gari siku hiyo hiyo, na hakuna tena kubishana. Umekubali?"

Bibi alimtazama shangazi, siyo mimi. Shangazi akasema, "Yatapita, Mama."

"Nimekubali," bibi akasema.

Mimi sikulala vizuri juma lile. Stuli si korongo. Korongo lile ukisimama ukingoni, migomba ya chini unaiona kama vitunguu. Nilikuwa nimepima kitu kwa mpira wa saluni na sasa nyumba ya bibi ilikuwa inaning'inia hapo. Kila nilipomuuliza shangazi kama ana hakika mji ule ulikunywa, alinijibu, "Ulikunywa," na kunipa kitu cha kuosha.

Siku ya kazi pembe ilipulizwa asubuhi, kama inavyopulizwa siku zote za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya mfongo, na walikuja watu wengi kuliko wanaokuja kusafisha mtaro. Walikuja kucheka. Mzee wa mfongo, ambaye sote tulimwita Meku kwa heshima ya umri wake, alitangaza kwamba maji haya hayajawahi kufungiwa ndani ya kitu toka dunia ianze na kwamba hahusiki na lolote litakalotokea, lakini kwa kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeletwa, hangeizuia kazi.

Vijana walishuka korongoni na mabomba mabegani, wakiimba. Viungo tulivifunga kwa vipande vya tyubu ya gari, tukavikaza kwa meno na matusi. Kwenye mlango wa mfongo tulijenga bwawa dogo la mawe, udongo na vigogo vya migomba, tukaweka chandarua kuukuu ili majani yasiingie. Baba mkubwa alizunguka korongo kwa gari akatangulia ng'ambo. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, kwa sababu baadaye alikuwa na kikao cha harusi, na alisimama na bibi penye ncha ya bomba kama mgeni rasmi.

Meku akatoa jani la mgomba lililozuia maji. Mfongo ukaingia bombani kwa sauti ya mtu anayekunywa bia ya kwanza. Nikasikia maji yakishuka, kweli nikayasikia. Nikakimbia njia ya kuzunguka korongo, shangazi nyuma yangu kashika kanga kwa meno, na nilipofika ng'ambo nikihema, watu walikuwa wamelizunguka bomba.

Hakuna kitu. Hata tone.

"Labda yanapumzika chini," mtu akasema.

"Yanauliza njia."

"Shangazi, yatafsirie! Hayajui Kichagga!"

Kicheko kikazunguka. Shangazi hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, na uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba mimi nikaanza kuogopa. Tukasubiri zaidi. Waliobaki upande wa mfongo walipiga kelele kwamba bwawa limejaa, maji hayaingii tena. Hayaingii, na huku hayatoki. Basi yako wapi? Niliuliza kwa sauti. Bibi alikuwa amekwenda kusimama karibu na ng'ombe wake, amemwekea mkono shingoni.

Baba mkubwa alisafisha koo. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kulimaliza kwa heshima. Akasimama mbele ya bomba, akatugeukia.

"Ndugu zangu. Tumejaribu, na hakuna aibu katika kujaribu. Mama ameniahidi mbele ya wote, na mimi kama mwanawe wa kwanza..."

Pu!

Kitu kilitoka bombani kikampiga mgongoni. Akaruka kama aliyechomwa, akageuka, na hapo bomba likamkoholea. Hewa kwanza, kwa mlio ambao siwezi kuuandika. Kisha tope. Kisha majani, na tope tena, na suti ya maziwa ikawa ya kahawa, halafu maji, maji mengi, masafi, yanatoka kwa nguvu ambayo gogo halikuwahi kuwa nayo, yanaruka juu ya boga, yanaingia kwenye mboga, yanamfukuza kuku. Watu walipiga vigelegele, wakakumbatiana, wakaingia majini na viatu. Meku, aliyekuwa bado upande wa mfongo, alianza kucheza peke yake ukingoni, fimbo juu. Mimi nilikuwa nalia na kucheka na kumpiga shangazi mgongoni, na shangazi alikuwa ameketi chini kwenye tope, miguu imenyooka mbele, anasema tu, "Yamepita. Yamepita. Jamani, yamepita."

Baba mkubwa aliokota kile kilichompiga. Kilikuwa kizibo cha majani makavu ya mgomba, kimesokotwa na kukazwa vizuri, aina ile ile ambayo kina mama wa huku wanazibia vibuyu na mapipa ya mbege.

"Nani ameweka hiki?"

"Ruwa wangu!" bibi akasema, mkono mdomoni. Ruwa ni Mungu, kwa Kichagga, na bibi humtaja hivyo akiwa ameumbuka. "Nilisahau."

"Mama. Ulisahau nini?"

"Asubuhi, walipolileta. Niliona tundu liko wazi. Nikasema vyura wataingia."

"Ukaziba."

"Nikaziba. Nikakisukuma ndani kwa mwiko. Baba, nitaachaje chombo wazi? Nyumbani kwangu hakuna chombo kinachokaa wazi!"

Baba mkubwa akaangalia kizibo. Akaangalia suti. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mwili mzima, akaenda akasimama tena mbele ya bomba kwa hiari yake, akaacha limwoshe. Jioni aliondoka kwenda kwenye kikao chake akiwa amevaa koti kuukuu la babu, na nyuma ya pikapu, mahali ambapo alidhani atapakia kitanda cha mama yake, kulikuwa na mikungu ya ndizi, maana bibi alisema gari haliwezi kurudi tupu kwa mkwe.

Maji yale bado yanapita. Vihamba vingine viwili vya ng'ambo vimejiunga, viungo vya tyubu vimebadilishwa, na Meku siku hizi huwaeleza wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi nilipata kazi Dodoma. Ukuta wa chumba changu ni mwembamba, televisheni ya jirani naisikia, lakini nina mtandao mzuri, na misimu yote ya kile kipindi imo humo, toka ya kwanza. Jumamosi moja ya upweke nilikitafuta kile cha maji. Niliona mji juu ya kilima, matao, ule mchoro wa utumbo. Safari hii niliongeza sauti.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, kisha nikampigia shangazi simu.

"Shikamoo shangazi. Ule mji wa mabomba. Ulimwelewa vibaya yule mtangazaji?"

Nilisikia draya ikizimwa upande wa pili.

"Marahaba. Nilimwelewa."

"Vizuri?"

"Kila neno. Kwani mimi sikusoma? Lakini Mama alikuwa amekaa hapa ubavuni kwangu."

Yule mtangazaji anasema kwamba mabomba ya mji ule yalipasuka chini bondeni siku ile ile yalipofunguliwa, na kwamba watu wake walirudi kubeba maji kwa punda mpaka waliolaza mabomba walipokuwa wamekufa wote.